Roboti ni ya timu, leseni ni ya nani?

Leo nina neno kwa vijana wanaounda roboti, na kwa yeyote anayewasaidia kama nifanyavyo mimi kila Jumamosi hapa mtaani.

Kabla ya kukata kipande chochote cha alumini, timu huchora roboti nzima kwenye tarakilishi. Programu za kazi hiyo ni ghali, ila kampuni nyingi huwapa wanafunzi bure. Autodesk, kwa mfano, ilizifungulia shule za dunia nzima mlango huo mwaka wa 2014. Sharti uwe na miaka 13 au zaidi, na uthibitishe kwamba unasoma au unafundisha katika taasisi inayotambuliwa. Ruhusa hudumu mwaka mmoja, kisha unathibitisha upya. Tena ni ya masomo tu, si ya biashara.

Masharti ya haki, nakubali. Lakini yanauliza unasoma wapi, na timu ya mtaa si shule. Wenye stakabadhi ya karo wanapita. Je, waliofanya KCSE mwezi wa Novemba na sasa wanangoja miezi mingi kuingia chuo kikuu? Kwenye karatasi si wanafunzi wa popote, ingawa ndio mafundi wetu bora na ndio wenye nafasi. Mmoja aliniuliza, "Mwalimu, kwani mimi nimeacha kujifunza?"

Njia zipo. Fusion ina leseni ya bure ya matumizi binafsi yasiyo ya biashara, ila huwezi kuwa na zaidi ya michoro 10 iliyo wazi kuhaririwa kwa wakati mmoja. Onshape ya bure hufanya kazi ndani ya kivinjari, lakini kila mchoro wako unaonekana na watu wote. FreeCAD ni programu huria. Haikuulizi umri, shule wala biashara. Ilianza mwaka wa 2002, na toleo lake la 1.0 likatoka Novemba 2024.

Ushauri wangu ni huu. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Leseni ya mwanafunzi ni ya kuazima: itumieni, lakini michoro ya timu isikae kwenye akaunti ya kijana mmoja ambaye mwakani atakuwa amemaliza shule. Kila Jumamosi kabla ya kufunga, hifadhini nakala ya STEP kwenye diski ya timu. Historia ya hatua za uchoraji haiji nayo, lakini umbo na vipimo hubaki, na programu zote tatu nilizotaja huifungua.

Yule kijana sasa anachora kwa FreeCAD. Alilalamika wiki mbili, kisha akanyamaza na kuanza kuwafundisha wadogo zake.

Haya, kazi njema.