Tulijilea wenyewe? Tuhesabu vizuri



Kila mara kikundi chetu kinapozungumza juu ya watoto wanaozurura, haikosi mama mmoja atakayesema: «Sisi tulijilea wenyewe, na tuko wazima.» Wengine wanacheka, wanaitikia, na mazungumzo yanaishia hapo. Neno hilo ni tamu. Linatupa sifa kidogo, na linatutuliza roho juu ya mtoto tuliyemwacha nyumbani na kifunguo. Wiki hii tumeombwa kuandika juu ya utoto wetu, basi tumeona heri tulichukue neno hilo tulipime, kama tunavyopima unga sokoni, bila kutia kidole gumba ndani ya kopo.

Sisi tunaoandika ni wanawake wanne. Tulizaliwa kati ya mwaka 1979 na 1983, tukakulia kwenye avenyu moja ya komini ya Kenya, si mbali na soko. Lupango zilizopakana zilikuwa sita, na watoto wa umri wetu tulikuwa 19. Tafadhali shikeni hesabu hiyo, tutairudia.

Kwa nini nyumba zilibaki tupu? Wazazi wetu walikulia katika mji ambamo mshahara wa baba ulikuwa nguzo ya nyumba. Wazee walikuwa na msemo: «Kazi njo baba, njo mama.» Mwanaume alileta mshahara na unga, mwanamke alitunza nyumba, watoto walijua saa ya kuoga na saa ya kula. Halafu shaba ikaanguka. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1994 haikufika hata 50,000. Mwezi wa 9 mwaka 1990 mgodi wa Kamoto kule Kolwezi uliporomoka. Mwezi wa 10 mwaka 1991 pilaji ilipita hapa Lubumbashi, na maduka mengi yakabaki kuta tu. Bei ya asubuhi haikuwa bei ya jioni. Mwanahistoria wa mji wetu, Donatien Dibwe dia Mwembu, aliandika kitabu juu ya familia za wafanyakazi wa Katanga, kikatoka mwaka 2001. Jina lake ni «Bana Shaba abandonnés par leur père», yaani wana wa shaba walioachwa na baba yao. Hata asiyekisoma, jina hilo linamgusa.

Baba zetu hawakukimbia. Walikuwepo, wamekaa kwenye kiti mbele ya nyumba na shati safi, wakingoja mshahara usiokuja. Wengine walikwenda vijijini kutafuta mahindi, wakakawia miezi. Walioinuka kulisha mji ni mama zetu. Mmoja aliuza makala, mwingine mikate, mwingine alikwenda Kasumbalesa kuvuka mpaka na kurudi na unga wa Zambia. Walitoka kungali giza, wakarudi giza limeshaingia. Hakuna aliyewafundisha biashara. Waliijifunza huku wanaifanya, na watoto tukijifunza nyumba vilevile.

Tulijifunza hivi. Kifunguo cha kadena kilifungwa kwenye uzi na kutiwa shingoni mwa yaya mkubwa, na yaya mkubwa alikuwa na miaka 9. Maji yalitoka kwenye robine ya avenyu, siku yakitoka. Kuwasha mbabula tuliweza. Kazi ilikuwa kusonga bukari: mwiko ni mrefu, sufuria inakimbia. Basi wawili walishika sufuria kwa vitambaa, wa tatu akasonga amesimama juu ya tofali. Tuna alama za moto mikononi mpaka leo, na tukikutana tunazionyeshana kama askari wa zamani. Kwenye shule tulirudishwa mara kwa mara sababu ya malipo ya mwalimu, maana miaka ile wazazi ndio waliomlipa. Mtoto aliyerudishwa hakurudi nyumba tupu. Alikwenda njiani.

Njia ilikuwa na mengi. Kulikuwa na miembe, na mvua ya kwanza tuliyoicheza uchi, na mpira wa makaratasi uliofungwa kwa kamba. Hayo ni kweli, na tunayakumbuka kwa furaha. Lakini kwenye njia hiyohiyo kulikuwa na nyumba za lutuku zilizofunguliwa asubuhi, na vijana waliotozana feza kwa visu nyuma ya soko. Kulikuwa na mitaro ambayo mwezi wa 1 na wa 2 inajaa maji mpaka inameza mbuzi. Kulikuwa na wanaume wenye maneno mazuri na biskuti mfukoni. Msichana wa miaka 11 alijua nyumba zipi za kupita akikimbia. Hakuna mkubwa aliyemwambia. Aliambiwa na msichana wa miaka 13.

Sasa tufike mahali ambapo neno letu tamu linaanza kupungua uzito. Tulipokaa pamoja kuandika ukurasa huu, mmoja wetu aliuliza: «Mchana, mtoto akikatwa na chupa, tulikimbilia wapi?» Wote wanne tulijibu jina la mtu mmoja. Alikuwa mama mzee wa lupango ya tatu. Hakuwa ndugu wa mtu yeyote kati yetu, lakini wote tulimwita Kambo. Alikaa chini ya mwembe akichambua sombe, na kila mtoto aliyepita aliulizwa maswali matatu: «Umekula? Uko na nani? Unaenda wapi?» Hakupiga mtu. Ukidanganya, alinyamaza, halafu jioni mama yako alikuwa ameshajua.

Kwa miaka mingi tulidhani Kambo alikuwa hapo kwa bahati tu, kama mwembe wenyewe. Kumbe sivyo. Mama wa mmoja wetu, ambaye Mungu amemwekea miaka, alitueleza mwaka jana. Wanawake wa lupango zile sita walikuwa na likelemba. Kila wiki waliweka feza, na kila wiki mmoja alipokea. Mbali na feza, kila mama aliweka kopo moja la unga. Makopo hayo yalikuwa ya Kambo, ili asilazimike kwenda sokoni. Na siku Kambo anapougua, mama mmoja kati ya sita alibaki kwa zamu, na wenzake waliuza mali yake pamoja na yao. Tuliodhani tunajilea wenyewe, tulikuwa tunalipiwa unga kila wiki.

Hatukuliona jambo hilo sababu lilifanya kazi vizuri. Tuliliona lilipokatika.

Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga. Likasi na Kolwezi maelfu kwa maelfu walilala kwenye stesheni wakingoja gari la moshi. Lubumbashi pia familia nyingi ziliona heri ziondoke. Kwenye lupango zetu sita, mbili ziliondoka. Tulicheza nao Ijumaa, na Jumatatu mlango ulikuwa na kadena. Mmoja wa waliotuacha alikuwa mama mwenye kushika daftari ya likelemba, mwanamke ambaye hakuna aliyewahi kumdai hata sumni. Baada yake hakuna aliyemwamini mwenzake, maana miaka ile watu walifundishwa kuulizana kabila kabla ya kuulizana hali. Makopo ya unga yakakoma. Kambo akaanza kuuza karanga sokoni kama wengine. Chini ya mwembe pakabaki tofali tatu.

Katika miezi ile, mwenzetu wa lupango ya kando, msichana wa miaka 13 aliyejua kuimba kupita sisi sote, alianza kutumwa na mfanyabiashara mmoja. Kwanza maji, halafu kufua, halafu alikuwa na viatu vipya. Sisi watoto tulijua. Yeye mwenyewe alituambia sehemu. Kwa mama yake hakusema kitu, sababu alijua swali la kwanza lingekuwa: «Ulikuwa unatafuta nini huko?» na fimbo ingekuja kabla ya jibu. Mimba ilipoonekana, aliitwa malaya na watu wazima ambao miezi sita mbele walikuwa wakimpita njiani bila kumuuliza amekula nini. Alikufa akijifungua. Hakuwa ametimiza miaka 15. Yule mfanyabiashara aliendelea kuuza sabuni.

Mwaka 1997, tarehe 9 mwezi wa 4, askari wa AFDL waliingia Lubumbashi, na kati yao kulikuwa na watoto waliobeba bunduki, tuliowaita kadogo. Wavulana wawili wa avenyu yetu waliwafuata. Walikuwa na miaka 14 na 15, hawakuwa na shule, na kule kulikuwa na chakula na heshima. Mmoja alirudi. Yule mwingine, mama yake alimwekea sahani mpaka mwaka 2001.

Sasa turudi kwenye hesabu. Tulikuwa 19. Watano walikwenda na familia zao kwa gari la moshi, na hatujui walifika wapi. Msichana mmoja alikufa na mtoto wake. Mvulana mmoja hakurudi vitani. Mwingine lutuku ilimmaliza akiwa na miaka 30. Tulio hapa na tunaokutana ni 11. Mtu akisema «tulijilea wenyewe, na tuko wazima», anahesabu hao 11 peke yao. Wale wengine hawaji mikutanoni kusema lao.

Wamama, hatuandiki hivi ili kuwalaumu mama zetu. Walitembea na magunia kichwani kutoka mpakani ili sisi tule. Wala hatuandiki ili kumwambia mama wa leo abaki nyumbani. Atabaki na nini? Sisi wenyewe tuko sokoni. Wengine wenu mnauza Soko Mzee, wengine mnalima nje ya mji, wengine bado mnakwenda Kasumbalesa. Tangu mwezi wa 9 mwaka 2019 shule ya msingi ya serikali hailipishwi, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini mtoto wa zamu ya asubuhi anatoka mchana, na kati ya saa ile na kurudi kwako kuna nafasi pana kama ile tuliyoishi sisi. Mtaro bado upo. Mwanaume wa biskuti bado yupo, ila sasa ana simu. Wapo na watoto waliokwishahamia njiani kabisa. Wasalesiani wa Don Bosco wanawapokea kwenye nyumba zao za Bakanja, na wanafanya kazi ya baraka. Lakini heri mtoto asifike hatua hiyo.

Kwa hiyo tunaleta mambo matatu. Yote tumeyatoa chini ya ule mwembe.

La kwanza, kopo la unga. Vikundi vyetu vingi vina likelemba. Kila kikundi kitazame avenyu yake na kuuliza ni mama gani, au kambo gani, anaweza kukaa mchana akawaona watoto. Halafu alipwe, kwa unga, makala au feza kidogo. Msimwombe tu kwa upendo. Mtu mwenye njaa ataacha kiti chake aende kuuza karanga, na hatakuwa amekosa.

La pili, maswali matatu. Umekula? Uko na nani? Unaenda wapi? Mama yeyote anaweza kumuuliza mtoto yeyote, awe wa kabila gani, awe wa kanisa gani. Mtoto akizoea kuulizwa, atazoea kujibu. Tulikiona kilichotokea pale wakubwa walipogawanyika: waliopotea ni watoto.

La tatu, na hili ni gumu kwetu tuliolelewa kwa fimbo: msichana akija na neno, tusikilize mpaka mwisho kabla ya kugomba. Mwenzetu alikuwa na mama mwema. Kilichokosekana ni mlango mmoja wa kuingia bila hofu. Kila avenyu iwe na mama mmoja ambaye wasichana wanajua hatapiga kelele. Na tukumbuke kwamba sheria ya tarehe 10 mwezi wa 1 mwaka 2009 inamlinda kila mtoto asiyefika miaka 18. Mtu mzima anayemchezea msichana wa miaka 13 amefanya kosa la kushtakiwa. Jambo hilo halimalizwi kwa mbuzi na kreti mbili za bia kati ya familia.

Kabla ya mkutano ujao, tunaomba kila kiongozi wa kikundi aandike kwenye karatasi jina la mwanamke anayekuwepo kwenye avenyu yake mchana, siku za kazi. Karatasi ikibaki nyeupe, msione haya kuileta. Tutaanzia hapo. Sisi wanne tumeshaandika yetu, na tumeona jina moja tu kwa lupango 22. Ni la mama mwenye miaka 68. Kopo lake la kwanza la unga tulimpelekea Jumamosi.