Kobe asiyejua kitu

Juzi nilikuwa nasafisha diski ya tarakilishi yangu ya zamani, nikakuta folda iitwayo Kobe. Nikaifungua, na kazi ya siku hiyo ikaishia hapo.

Kobe ni programu niliyomwandikia binti yangu mwaka 2020. Mnakumbuka hapa Kenya shule zilifungwa mwezi Machi, na watoto wengi hawakurudi darasani hadi Januari 2021. Binti yangu alikuwa Gredi ya 3. Mwalimu alituma kazi kwa simu, lakini mtoto akiwa peke yake mbele ya skrini huchoka upesi. Basi nikamchorea kobe wa katuni anayepepesa macho na kuuliza maswali ya hesabu. Ukipata jibu anapiga makofi, ukikosa anasema, "Karibu upate, jaribu tena!"

Siku tatu binti hakushikika. Siku ya nne nikasimama nyuma yake. Kumbe hasomi swali! Anabonyeza jibu la kwanza, la pili, la tatu, hadi makofi yalie. Nikamuuliza, "1/4 na 1/8, ipi kubwa?"

"1/8, baba. Nane si kubwa kuliko nne?"

Kosa lilikuwa langu. Mwaka 1997 James Lester na wenzake wa North Carolina State University walimjaribu mdudu wa katuni aitwaye Herman the Bug, wakaona kwamba kuwapo tu kwa mhusika kwenye skrini huwafanya wanafunzi walione somo kuwa zuri. Lakini kulipenda somo si kulielewa. Na mhusika asiye na kazi hugeuka kero. Waliotumia Microsoft Office 97 watamkumbuka yule kibanio cha karatasi mwenye macho, aliyewakatiza watu kazi zao hadi akaondolewa katika Office 2007.

Ndipo nikasoma kuhusu Betty's Brain, programu ya Vanderbilt University. Humo Betty hafundishi, anafundishwa. Mtoto huchora mishale ya kuunganisha mambo: samaki hupunguza oksijeni majini, mimea huongeza. Kisha Betty hujibu maswali kwa kufuata mishale hiyohiyo. Mtoto akikosea, Betty anaanguka mtihani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu wanafunzi wa aina hii ulionyesha kwamba watoto walijitahidi zaidi kujifunza kwa ajili ya mwanafunzi wao wa kompyuta kuliko kwa ajili yao wenyewe.

Nikamwandika Kobe upya. Safari hii hakujua kitu. Akili yake ilikuwa jedwali tupu, na binti ndiye wa kulijaza. Akamfundisha kwamba namba ya chini ikiwa kubwa, kipande ni kikubwa. Kobe akatii. Alipoambiwa achague chapati, akachagua 1/8, na skrini ikaonyesha kipande chake kando ya 1/4.

"Maskini Kobe, atalala njaa!" Binti akakimbia jikoni, akakata chapati moja mara nne, nyingine mara nane. Akarudi akaifuta ile kanuni. Mimi sikusema neno.

Ningependa kumalizia hapo, lakini kuna jingine. Wiki ya pili nilikuwa napitia rekodi za programu nikitafuta hitilafu, nikakuta sentensi isiyo ya hesabu. "Kobe, na wewe huna rafiki wa kucheza naye?" Kobe, asiyejua ila kanuni alizofundishwa, alijibu, "Sijaelewa. Nifundishe tena." Binti aliandika swali lile mara nne.

Nikamkumbuka Joseph Weizenbaum wa MIT, aliyetangaza programu yake ya mazungumzo, ELIZA, mwaka 1966. Katibu wake, aliyemwona akiitengeneza, alipoanza kuzungumza nayo alimwomba atoke chumbani. Ikiwa mtu mzima alitaka faragha na mashine, sembuse mtoto wa miaka minane aliyefungiwa nyumbani?

Nikafunga tarakilishi, nikamwita, tukatoka uani kuruka kamba. Usiku nikaongeza mstari mmoja: Kobe akiulizwa jambo lisilo la hesabu, aseme yeye ni programu tu, na kwamba baba yuko chumba cha pili. Nikamwambia binti pia kwamba ninaweza kusoma anayomwandikia Kobe. Alinuna siku nzima. Alikuwa na haki.

Leo programu za akili bandia zingemjibu kwa maneno matamu, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Mhusika anayesubiri kufundishwa humfanya mtoto afikiri. Anayejifanya rafiki humnyima mtoto nafasi ya kuja chumba cha pili.

Nilimwonyesha binti ile folda. Sasa ananikaribia kimo. Akacheka, akauliza, "Bado anajua?" Tukamwuliza Kobe achague chapati. Akachukua 1/4.

Ninyi wenzangu wenye watoto, mwasemaje?