Walioambiwa Wasubiri

Mwaka 2020 Wakenya tulizoea kusikiliza hesabu ya kila siku: waliopimwa, walioambukizwa, waliopona, waliofariki. Hesabu ile ilihitajika. Lakini wapo waliokufa baadaye, wengine baada ya miaka miwili mitatu, ambao korona haikuwahi kugusa mapafu yao, na hesabu yao haikusomwa siku yoyote. Miongoni mwao ni wanawake wenye saratani ya matiti.

Maradhi haya huanza kimya. Kinundu cha titi mara nyingi hakiumi; mwenye nacho anapika, analima, anafungua kibanda chake sokoni. Basi tulipoambiwa tukae nyumbani, naye aliona kwamba lake si la dharura. Kilichotisha wakati ule ni kikohozi. Hospitali yenyewe ikawa mahali pa kuogopwa, na aliyepapasa kinundu mwezi wa Machi akaona heri angoje mambo yatulie.

Na aliyekwisha kuanza matibabu? Tarehe 6 Aprili 2020 serikali ilitangaza kufunga njia za kuingia na kutoka Nairobi na viunga vyake, kisha Mombasa, Kilifi na Kwale. Wakati huo wagonjwa wa Pwani waliotegemea hospitali za umma walipelekwa Nairobi kupata mionzi. Hata aliyepata ruhusa ya kupita vizuizi alihitaji nauli, mahali pa kulala na nguvu za kuiwahi kafyu ya saa moja jioni, ilhali kemo imemwacha hoi. Njia za Nairobi na Mombasa zilifunguliwa tarehe 7 Julai. Saratani haikuwa imesimama kuzingoja.

Tusikimbilie kuwalaumu madaktari. Kemo hushusha chembe nyeupe za damu, na kumwita mgonjwa wa aina hiyo kwenye foleni ya hospitali, kukiwa na virusi ambavyo bado havijaeleweka, kulikuwa kumhatarisha. Uingereza nayo, pamoja na utajiri wake, ilisitisha uchunguzi wa matiti kwa wanawake wasio na dalili, na baadhi ya wagonjwa wakaahirishiwa upasuaji wakipewa vidonge vya homoni vya kuuzuia uvimbe kwa muda. Kila uamuzi ulikuwa na sababu yake. Msiba umo katika jumla ya maamuzi hayo.

Wahenga walisema kawia ufike. Uvimbe haukubaliani nao. Utafiti uliochapishwa katika jarida la tiba la BMJ mwezi Novemba 2020 ulionyesha kwamba kila wiki nne za kuchelewa upasuaji wa saratani huongeza hatari ya kufa kwa asilimia 6 hadi 8. Hesabu hiyo inatuambia kwamba katika umati wa waliocheleweshwa wapo waliopotea kwa sababu ya kungoja. Haituambii ni nani. Aliyemzika mama yake hawezi kuapa kwamba kuchelewa ndiko kulikomuua, wala hawezi kuapa kwamba siko. Hatari iligawanyika kwa wengi; shaka kila nyumba imeibeba nzima.

Matangani watu huuliza, "Alikuwa akiumwa nini?" Jibu likishatolewa, husema kazi ya Mungu haina makosa, na mazungumzo huendelea. Hapa jibu la "saratani" ni kweli, lakini ni nusu yake. Nusu ya pili hubaki na binti anayejiambia kwamba angemlazimisha mama aende Aprili ile ile, na mume anayejiambia kwamba angeuza mbuzi akodi gari. Wanajihukumu kwa ujuzi walioupata baadaye. Marehemu hakuzembea. Alitii agizo ambalo nchi nzima ilipewa, na ambalo kwa wengine liliokoa maisha.

Kuwaomboleza wanawake hawa kwa haki ni kukubali kwamba janga lile liliua pia kwa kungojesha. Majina yao hatutaweza kuyabaini yote, ila tunaweza kujiandaa. Siku nchi itakapofunga njia tena, tangazo hilo hilo litaje gari la mgonjwa wa saratani, chumba atakachotundikiwa dripu mbali na wenye homa, na mtu wa kumpigia simu asipoonekana kliniki. Anayeambiwa asubiri ana haki ya kuambiwa pia ni hadi lini.