Kiongozi na Mwili Wake: Mafunzo ya Namugongo

Kila ikaribiapo tarehe 3 Juni, barabara ziingiazo Kampala hujaa mahujaji waendao Namugongo kwa miguu. Wengine hutoka mbali, hata Kenya, Tanzania, Rwanda na Kongo, wakifika nyayo zimevimba na vumbi limewatanda. Mpita njia aweza kuuliza: ikiwa sala ni ya moyo, miguu yateseka kwa nini?

Jibu la Wakatoliki ni la kale. Dini yao hufundisha kwamba Mungu alitwaa mwili wa binadamu, na kwamba siku ya mwisho miili itafufuliwa. Kwa sababu hiyo ibada zao hupitia mwilini: maji humiminwa kichwani mwa mtoto, mafuta hupakwa katika paji la uso, mkate huliwa, magoti hupigwa. Uongozi nao huanzia hapo. Apewaye daraja la upadri au uaskofu hulala kwanza kifudifudi sakafuni mbele ya waumini, ndipo awekewe mikono. Na Alhamisi Kuu, mwenye cheo huinama akaosha miguu ya walio chini yake.

Fundisho hilo lilijaribiwa vikali katika ua wa Kabaka Mwanga. Yosefu Mukasa Balikuddembe, mmoja wa wakuu wa nyumba ya mfalme, aliwakinga vijana watumishi ili miili yao isitumiwe kwa tamaa za bwana wao. Tena akathubutu kumlaumu mfalme kwa kuuawa kwa Askofu James Hannington. Tarehe 15 Novemba 1885 aliuawa huko Nakivubo.

Kazi ya kuwalinda vijana hao ikamwangukia Karoli Lwanga, mtu wa maungo imara aliyesifika kwa mieleka. Nguvu zake hakuzitumia kujiokoa, bali alisimama kati ya watoto na hatari. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei 1886, huko Munyonyo, aliona kwamba hukumu imekaribia, akawabatiza wanne waliokuwa wangali wakijifunza dini. Mmoja wao alikuwa Kizito, mwenye umri wa miaka 14 hivi. Kulipokucha, Wakristo wakaamriwa kujitenga, na Lwanga akatangulia.

Tarehe 3 Juni, Namugongo, alitengwa na wenziwe akachomwa polepole, moto ukianzia miguuni. Mahali hapo leo pana kanisa kubwa lenye nguzo 22, idadi ya mashahidi Wakatoliki waliouawa katika mateso hayo. Waanglikana nao walikufa kwa ajili ya imani iyo hiyo.

Mkuu wa wauaji, Mukajanga, alikuwa mtu wa kutii amri. Miongoni mwa mahabusu alimkuta Mbaga Tuzinde, kijana wa nyumbani kwake. Alimsihi aikane dini, kijana akakataa. Basi akaamuru apigwe shingoni kwanza, asije akaonja moto akiwa hai. Hata yeye, pamoja na ukali wa kazi yake, alijua kwamba mwili ule ulikuwa na thamani.

Wahenga walinena: ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Askari humpima mkuu wake kwa mahali anapouweka mwili wake: mvua inyeshapo yuko wapi, chakula kipungukapo nani hula kwanza, hatari ijapo nani hutangulia. Hotuba huja baadaye.

Nyumbani hali ni hiyo hiyo. Baba na mama ni viongozi, na mwili wa mtoto ni amana waliyokabidhiwa. Haupaswi kuguswa kwa ubaya na yeyote, awe jamaa, mwalimu au mtu mwenye cheo. Balikuddembe na Lwanga waliwakinga watoto wasio wao mbele ya mfalme mwenye uwezo wa kuua. Mzazi anyamazaye kwa kumhofia jirani atajitetea kwa neno gani?