Nesi Mlimani, Sehemu ya 3: Mtoto Niliyemwita Mvivu

Mlioanza nami sehemu ya 1 mnajua: baada ya miaka 9 wodini nimeingia kazi mpya, natembea na watoto kwenye vilima vya Pugu na kuwafundisha nje, msituni. (Ndugu zangu wa Kilimanjaro msinicheke, kwa sisi wa Mbagala hiyo ni milima kabisa.)

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Wodini mgonjwa amelala, wewe ndiye unayezunguka. Huku watoto 20 wanakimbia kila mmoja na njia yake, na wewe unahema nyuma yao. Wiki ya kwanza miguu ilivimba, nikasema narudi zamu zangu za usiku.

Sasa wiki ya pili. Saa nne asubuhi, jua limeshaanza kuchoma, tunapanda. Mtoto mmoja wa miaka 8 kabaki nyuma, kakaa kwenye mzizi.

"Nesi, miguu inauma."

Nikamwambia, "Twende baba, usiwe mvivu. Mbona wadogo zako wanapanda?"

Akanyanyuka. Hakubisha. Hatua chache tu akakaa tena, kashika magoti, machozi yanamtoka bila sauti. Ndipo nikamtazama vizuri machoni. Ya njano. Jamani, macho yale nimeyaona wodini mara ngapi!

Nikafungua fomu yake. Penye ugonjwa wa kudumu pameandikwa: "Hana."

Nikampa maji, nikampumzisha kivulini, nikampigia mama yake. Kimya kirefu. Kisha: "Dada nesi, nisamehe. Ana sikoseli. Nilijua nikisema mtamwacha."

Tukamkimbiza hospitali. Alilazwa siku mbili, akatoka salama, namshukuru Mungu.

Nilianza kwa kumkasirikia yule mama. Halafu usiku nikajiuliza: ameambiwa "huyu hawezi" mara ngapi mpaka akaamua kuficha? Na mimi, nesi mzima, sikumwita mwanawe mvivu?

Kwa mama wenye watoto wa sikoseli, haya yashikeni. Chembe nyekundu za damu zinajikunja kama mundu na kukwama kwenye mishipa midogo, ndiyo maana mtoto anaumwa. Kukosa maji, baridi, uchovu mwingi, malaria na maambukizi mengine huchochea maumivu. Kwa hiyo: maji mara kwa mara hata kama hajasema ana kiu, sweta na nguo kavu za akiba, mapumziko kabla hajachoka, dawa zake za kila siku zisirukwe, chandarua kila usiku. Akipata homa, kifua kikabana, tumbo likavimba ghafla upande wa kushoto, akapauka sana au mkono na mguu wa upande mmoja ukalegea, usisubiri asubuhi. Hospitali!

Lakini kucheza acheze. Anatembea kwa mwendo wake, basi.

Pale kazini tumebadilisha fomu. Zamani iliuliza, "Mtoto ana ugonjwa gani?" Sasa inasema, "Tumsaidieje mtoto wako afurahie safari?" Wiki hiyohiyo mama mmoja akaandika pumu, mwingine kifafa, mwingine akaandika mwanawe anaogopa kujisaidia porini. Hayo yote yalikuwepo. Sisi ndio hatukuuliza vizuri.

Na kijana wangu? Alirudi baada ya wiki tatu, kwa ruhusa ya daktari wake. Nilichuchumaa mbele yake nikamwomba msamaha. Akaniangalia, akasema, "Sawa nesi, ila leo usikimbie." Nikampa filimbi. Akiipuliza, kundi zima linasimama kunywa maji, na mimi wa kwanza, maana kusema kweli ninayechoka haraka pale ni mimi.

Miguu imeacha kuvimba. Zamu za usiku sijaziulizia tena.

Sehemu ya 4 nitawaeleza cha kuweka kwenye begi la mtoto anayekwenda safari ya shule. Mama, wewe mwanao umeshawahi kumficha ugonjwa? Niambie, hapa hatuhukumiani.