Mwalimu wa Elimu Maalumu na Mwaka Wake wa Kwanza

Kila mwaka, wanachuo wanapokaribia kumaliza masomo yao, baadhi yao hutujia kuuliza kama yafaa waendelee na elimu maalumu hadi shahada. Sababu zao si moja. Wako wenye ndugu asiyeona au asiyesikia, nao wameyaona nyumbani mambo ambayo wengine twayasoma vitabuni. Wako waliosikia kwamba walimu wa aina hii ni wachache, kwa hiyo huenda wakapata ajira upesi. Wako pia wanaosukumwa na huruma. Hatuidharau hata moja kati ya sababu hizo, maana mtu huingia kazini kwa mlango alioukuta wazi. Lakini twaona ni haki wajue mapema ni kazi gani itakayowangoja siku watakapofika shuleni na barua mkononi, kwa sababu aghalabu haifanani na ile waliyoitazamia.

Sisi twafundisha Dodoma, na katika kukagua mazoezi ya kufundisha twazitembelea shule za Nzuguni na jirani zake. Ukitoka Nzuguni kwa barabara kuu iendayo Morogoro, utafika Buigiri, ambako mwaka 1950 Kanisa la Anglikana lilianzisha shule ya wasioona. Hiyo ndiyo ihesabiwayo kuwa mwanzo wa elimu maalumu katika nchi yetu. Mwaka 1963 Kanisa Katoliki likaanzisha shule ya viziwi Tabora. Kwa muda mrefu mwalimu wa elimu maalumu alikuwa mtu wa shule za namna hiyo. Watoto walikusanywa kutoka mbali, wakalala bwenini, na mwalimu akajua tangu siku ya kwanza kwamba darasa lake zima halioni au halisikii. Kazi ilikuwa ngumu, lakini mipaka yake ilijulikana.

Mipaka hiyo imepanuka sana. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto apate elimu ya msingi, na mwaka 1977 mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote ukaanza kutekelezwa. Mwaka 1994 wajumbe wa mataifa mengi walikutana Salamanca, Hispania, wakatamka kwamba shule za kawaida yazipasa kuwapokea watoto wote, pamoja na wenye ulemavu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Ada ya shule ya msingi nayo haimzuii tena mzazi mlangoni. Kwa hiyo anayehitimu leo katika Chuo cha Ualimu Patandi, au katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo kule Tabora, aweza kupangwa katika shule ya kawaida yenye kitengo cha elimu maalumu, au hata katika shule isiyo na kitengo chochote.

Hapo ndipo hatari mbili zinapomkabili. Ya kwanza ni kugeuzwa mlinzi wa ghala. Hupewa chumba kimoja pembeni ya shule, na kila mwalimu aliyechoshwa na mtoto fulani humsukumia huko: asiyesikia, mwenye kifafa, aliyechelewa kusoma, na hata aliye mtukutu tu. Baada ya miezi michache chumba kimejaa, na wenzake husema, "Peleka kwa mwalimu wao." Hatari ya pili ni kinyume chake. Shule ina upungufu wa walimu, basi mgeni hukabidhiwa Hisabati ya Darasa la Nne na Sayansi ya Darasa la Sita, na ujuzi uliomgharimu miaka hubaki katika cheti. Hatari hizi zaonekana kupingana, lakini mzizi wake ni mmoja. Shule haijui kazi ya mwalimu huyu ni ipi, wala haitaijua asipoionyesha mwenyewe kwa matendo.

Kwa maoni yetu kazi hiyo ni kuwawezesha walimu wenzake kuwafundisha watoto ambao tayari wamo madarasani mwao. Chumba cha kitengo kina manufaa yake, na wako watoto wanaokihitaji sana, lakini mwaka wa kwanza usianzie humo. Uanzie katika madarasa ya wenzake.

Tuitazame Nzuguni yenyewe. Viwanja vya Nane Nane viko huko, na vilevile kituo kikuu cha mabasi na Soko la Job Ndugai. Uamuzi wa kuifanya Dodoma makao makuu ulitolewa mwaka 1973, lakini tangu Serikali ilipoanza kuhamia kwa vitendo mwaka 2016 watu wameongezeka upesi, na watoto wao wamejaza madarasa. Katika darasa lililojaa, mtoto asiyeona vizuri hapigi kelele. Hujificha nyuma ya wenzake na kutafuta njia yake mwenyewe ya kuishi.

Tulimkuta mmoja wa namna hiyo, mvulana wa Darasa la Tatu katika shule mojawapo tuliyoikagua. Mwalimu wake alimwita mwizi wa majibu, kwani kila siku alinakili daftari la jirani. Mwanachuo aliyekuwa akifanya mazoezi katika darasa lile alifanya jambo dogo. Alimpa sentensi ileile mara mbili, kwanza ubaoni, kisha katika karatasi. Ubaoni mtoto hakusoma hata neno moja. Karatasi aliisoma yote, akiisogeza mpaka ikakaribia kugusa pua. Hakuwa mwizi, alikuwa akiazima macho. Alihamishiwa dawati la mbele, mzazi akaelekezwa hospitali, na mwalimu wa darasa akaanza kusoma kwa sauti kila alichokiandika ubaoni. Jambo hilo la mwisho liliwafaa hata wengine ambao hakuna aliyekuwa amewashuku.

Upimaji wa mwanzo, basi, hauhitaji vyombo vya thamani. Kwa macho, chora herufi E kubwa na ndogo katika karatasi, nyingine ikielekea juu, nyingine chini, kulia na kushoto. Msimamishe mtoto mita 6 kutoka hapo, afunike jicho moja kisha jingine, naye aonyeshe kwa vidole herufi inaelekea wapi. Kwa masikio, simama nyuma yake hatua chache, utaje kwa sauti ya chini majina ya vitu anavyovijua, naye ayarudie. Tazama pia kama sikio linatoa usaha, maana mtoto aweza kupoteza usikivu kwa maradhi ambayo yangetibiwa mapema. Majaribio haya hayatoi hukumu ya kitabibu. Yatuambia tu ni nani apelekwe kwa mtaalamu, na ni nani aketi wapi kesho asubuhi.

Tena kuna jambo la kuangalia katika mkoa wetu. Mtoto anayetoka katika nyumba inayozungumza Kigogo tu aweza kukaa miezi bila kujibu neno darasani. Kabla ya kumwandika kuwa ana akili nzito, mtafute anayekijua Kigogo ampe maagizo yaleyale: alete vijiti 5, aondoe 2, aseme vimebaki vingapi. Akijibu sawasawa, kinachomshinda ni lugha ya darasa wala si akili. Mtoto wa namna hii akiwekwa katika kitengo kwa makosa, kutoka kwake kwaweza kuchukua miaka.

Yafaa pia mwalimu ajue ulemavu wa mahali pake watoka wapi. Nyanda hizi kavu, zenye msimu mmoja wa mvua, vumbi jingi na nzi wafuatao mifugo, zimesumbuliwa na trakoma kwa vizazi. Ugonjwa huo ukimrudiarudia mtu tangu utotoni, kope hujikunja kuelekea ndani, nywele zake zikakwaruza kioo cha jicho, na hatimaye mtu akapofuka akiwa mtu mzima. Katika Wilaya ya Kongwa, watafiti walioanza kazi yao miaka ya 1980 walionyesha jinsi usafi wa uso wa mtoto unavyohusiana na ugonjwa huo. Kwa hiyo kibuyu chirizi chenye maji mlangoni mwa darasa ni kifaa cha elimu maalumu, sawa na mashine ya nukta nundu. Hali kadhalika kofia pana na dawati lililo mbali na dirisha la jua kwa mtoto mwenye ualbino, ambaye ngozi yake na macho yake huumizwa na mwanga mkali.

Kuhusu ujuzi, hakuna awezaye kubobea katika matawi yote kwa mwaka mmoja. Nukta nundu zajengwa kwa vitone 6 tu, vitoavyo alama 63, na mwalimu mwenye bidii huzijua herufi zake kwa muda mfupi, ingawa kuzisoma kwa kidole huhitaji subira kubwa. Lugha ya Alama ya Tanzania si Kiswahili kilichohamishiwa mikononi. Ina sarufi yake, nayo hujifunzwa kwa kukaa na viziwi wenyewe. Chagua tawi moja ulilozame, na mengine uyajue kiasi cha kutompoteza mtoto. Wala usione haya kuwaendea wanachama wa Chama cha Viziwi au wa Chama cha Wasioona, maana wao ni walimu wako.

Hao ndio watakaokufundisha hata majina. Wengi siku hizi husema "asiyeona" badala ya "kipofu", na neno "zeruzeru" limeachwa kwa sababu ya dharau iliyomo. Lakini viziwi wa nchi hii wamelishika jina lao na kulipa chama chao, kwa hiyo si kila neno la zamani ni tusi. Kanuni ni moja: mwulize mwenyewe apenda aitweje, kisha darasa zima litumie jina hilo.

Tumerudia kusema kwamba wenzako ndio shabaha. Je, wapatikaneje? Hawapatikani kwa hotuba katika chumba cha walimu. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi na madaftari yasiyosahihishwa hatamsikiliza mgeni amwelezaye mikataba ya kimataifa. Mpe kitu kimoja kitakachompunguzia kazi. Mwombe azungumze akiwaelekea watoto na si ubao, ili yule asiyesikia vizuri aione midomo yake. Keti naye mkaigawe kazi moja ya hesabu katika hatua ndogo tano, kwa ajili ya mtoto aliyeshindwa hatua moja kubwa. Omba kushika darasa lake kwa kipindi kimoja, naye aketi na watoto watatu tu. Akishaona mtoto mmoja amesonga mbele, atakuja mwenyewe kuuliza juu ya wa pili. Yote hayo yaandikwe katika daftari: jina la mtoto, kilichoonekana, kilichojaribiwa na matokeo yake. Mwalimu mkuu akitaka kukuongezea vipindi, daftari hilo ndilo litakalokusemea.

Tusiwasahau wasiofika shuleni kabisa. Wako watoto wanaobaki ndani ya ua kwa sababu mzazi anaona aibu, au anaogopa watachekwa, au alikwisha kwenda shuleni akarudishwa. Mwenyekiti wa mtaa na mabalozi huzijua nyumba hizo. Nenda pamoja nao, ukae, unywe maji, na uulize mtoto anaweza kufanya nini. Mzazi aliyezoea kuulizwa mtoto wake ana kasoro gani hushangazwa na swali hilo, na mara nyingi jibu lake ndilo somo la kwanza la kumfundishia.

Twarudi katika huruma, kwa kuwa ndiyo iwaletayo wengi. Huruma yaweza kumwingiza mtu kazini, lakini haiwezi kumfundisha mtoto kusoma. Tumeona watoto wasioona wakisamehewa jiometri, na viziwi wakisamehewa insha, kwa wema tu. Kumsamehe mtoto somo ni kumnyima somo hilo. Mtoto mwenye ulemavu ana haki ya kutungiwa swali gumu, ya kukosea, ya kusahihishwa na ya kurudia kazi yake kama wenzake.

Mwisho wa mwaka mwalimu asijipime kwa wingi wa watoto waliomo katika chumba chake. Ajiulize: nikihamishwa kesho kwenda Mpwapwa au Kondoa, ni nini kitakachobaki hapa? Ikiwa watoto wote watarudi nyuma ya darasa siku ile atakapofunga mizigo yake, basi alikuwa amewatunza tu. Ikiwa mwalimu wa Darasa la Tatu ataendelea kusoma kwa sauti anachokiandika ubaoni, na wa Darasa la Kwanza ataendelea kupima macho kila Januari, basi kazi imeanza, na atakayepokea kijiti ataikuta inakwenda.