Zamu ya Mtu Mmoja Mnarani

Atokaye Mombasa kuelekea Malindi, akishapita mashamba ya mkonge ya Vipingo na njia ya kuingilia Takaungu, hufika mahali ambapo hori la Kilifi, ule mkono wa bahari uingiao ndani ya nchi kavu, humfungukia ghafla mbele ya macho. Hapo, kabla hajalivuka daraja, ndipo Mnarani. Wasafiri wengi hawashuki. Sisi tulishuka, asubuhi ya Ijumaa moja wakati wa likizo ya shule, watu wazima watatu na watoto watano, pamoja na kapu la mahamri lililokuwa limekwisha nusu kabla hatujafika Mtwapa. Shangazi yetu anaishi huko, nasi tulikuwa tumemwahidi kukaa naye hadi Jumapili.

Kabla ya kwenda kwake tuliwapeleka watoto kwenye magofu. Walitaka kuuona mnara wenyewe, wakidhani ni mnara wa kuadhinia kama wa msikiti wetu. Walipoonyeshwa nguzo ndefu ya mawe iliyosimama juu ya kaburi, mmoja alihisi amedanganywa. Tulimweleza kwamba misikiti mingi ya kale ya mwambao huu haikuwa na minara. Muadhini alipanda ngazi hadi darini, akaita kutoka huko. Misikiti miwili iliyobomoka ipo juu ya jabali, na ule mkubwa ungali na maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa mihirabuni kwa ustadi wa kustaajabisha. Mji huu ulihamwa mapema katika karne ya 17, ukamezwa na msitu, na katika miaka ya 1950 mwanaakiolojia James Kirkman akaufukua. Tukiwa tumeketi chini ya mbuyu tulimfikiria huyo muadhini asiyejulikana jina: mara tano kila siku, mvua na jua, peke yake juu ya dari, na wakati usiomngoja. Lakini akishaita, watu walimjia.

Shangazi anaishi karibu na ukingo wa hori. Jirani yake ni nyumba kubwa ya mtu asiyekaa hapo, yenye ukuta mrefu, lango la chuma na bawabu mmoja. Adhana ya Ijumaa ilipolia wanaume wa mtaa walianza kupita wakiwa wamevaa kanzu zao, wakimsalimu bawabu mmoja baada ya mwingine, naye akiwaitikia salamu wote bila kuondoka. Kisha akatandika mkeka mdogo nyuma ya lango, akaswali adhuhuri, rakaa nne. Kijana wetu wa miaka kumi akauliza, kwa sauti kubwa kuliko tulivyopenda, mbona yule mjomba haendi Ijumaa na ni Mwislamu.

Jawabu la kifikihi si gumu. Wanazuoni wetu wa madhehebu ya Shafi wamehesabu hofu ya kupotea mali kuwa miongoni mwa nyudhuru za kuacha Ijumaa, na mwenye udhuru huswali adhuhuri. Kwa hiyo bawabu hana lawama. Lakini udhuru huo ni wake yeye. Sijui kama mwenye kumweka pale peke yake, Ijumaa baada ya Ijumaa, naye anao.

Shangazi alimpelekea sahani ya wali, nasi tukafuatana naye. Bawabu ni mtu wa makamo, mpole, mwenye maneno machache mpaka aulizwe habari za kazi yake. Alituonyesha kifaa kidogo cha mkononi ambacho kila saa lazima akiguse kwenye vyuma vilivyobandikwa pembe nne za ukuta. Kifaa hicho huweka kumbukumbu ya saa na dakika. Akichelewa robo saa, husomwa ofisini, na mshahara hukatwa. Zamu ni kuanzia saa kumi na mbili hadi saa kumi na mbili. Alisema uchovu ameuzoea. Kinachomtisha ni jioni, anapotazama njia kuona kama mwenzake wa kumpokea anakuja.

Jioni moja, miaka kadhaa nyuma, hakuja. Bawabu alipiga simu ofisini akaambiwa asubiri. Saa mbili usiku mkewe akampigia: mtoto wao mchanga ana homa kali, na sasa ameshikwa na degedege. Alipiga tena ofisini. Simu ikaita, haikupokelewa. Mkewe akapata pikipiki ya kumvusha daraja kwenda hospitali ya Kilifi mjini. Kutoka pembe ya ukuta ule daraja huonekana, na bawabu alisimama hapo akizitazama taa za pikipiki zikivuka moja baada ya nyingine, asijue ni ipi iliyombeba mwanawe. Saa ilipotimia aliondoka pembeni, akazunguka, akakigusisha kile kifaa mara nne, akarudi kusimama. Alifanya hivyo hadi alfajiri. Mtoto alipona, alhamdulillahi, na leo anasoma chuoni hapo mtaani.

Mmoja wetu alimuuliza kwa nini hakuondoka tu. Alitutazama kama tunavyowatazama watoto. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 44, inahesabu kutokuwepo mahali pa kazi bila ruhusa au sababu halali kuwa kosa kubwa, na mwajiri anaweza kumwachisha mtu kazi papo hapo. Degedege la mtoto bila shaka ni sababu halali mbele ya mtu mwenye akili. Lakini ingembidi aithibitishe baadaye, akiwa tayari hana kazi, mbele ya watu ambao usiku ule hawakupokea hata simu. Wazee wa Mnarani wanaoikumbuka feri, iliyovusha watu hapa kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 1991, husema kazi ile nayo ilikuwa na masharti makali ya saa. Ila palikuwa na wenzao chomboni.

Shangazi alikuwa kimya muda wote huo. Tulipokuwa tukirudi alisema, bila kututazama, kwamba usiku ule alikuwa amelala hatua thelathini kutoka kwenye lango lile, na kwamba habari yenyewe aliipata baada ya wiki mbili. Ilikuwa miaka minne tangu bawabu aanze kulinda pale, naye hakuwa amepata hata kumuuliza ana watoto wangapi. Siku hizi namba ya Shangazi imo katika simu ya bawabu, ya mke wa bawabu imo katika simu yake, na ikifika saa kumi na mbili za jioni yeye huchungulia dirishani kuhakikisha kwamba mpokezi amefika. Akiwa hajafika, Shangazi mwenyewe ndiye anayepiga simu ofisini, na kina mama wa Mnarani wakipiga simu hupokelewa.

Usiku, watoto walipolala, tulibaki barazani tukilitazama daraja. Hapo ndipo mmoja wetu alipomtaja msichana wetu wa kazi. Asubuhi tulipotoka tulimwambia asiondoke, nyumba isibaki tupu. Tangu hapo tulikwisha kumpigia simu mara tatu, na kila mara swali lilikuwa moja: "Uko?" Sheria ileile ya 2007, kifungu cha 27, inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na yeye ni mfanyakazi. Tulijaribu kukumbuka siku hiyo yake ni ipi. Hatukuweza, kwa sababu haikuwapo.

Mama yake anaishi Kaloleni. Tulimpigia simu kwa mara ya nne, tukamwambia kesho asubuhi afunge nyumba, ufunguo ampe jirani, aende kwao, na nauli tutamtumia sasa hivi. Alinyamaza kwa muda mrefu hata tukadhani simu imekatika. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, amekosa nini, na kama mshahara wa mwezi huu atapewa. Ilituchukua dakika kadhaa kumweleza kwamba hajafukuzwa.